Zamu ya Mama Feza

Watoto wangu hawapendi mawese. Nikiyatia kwenye maharage wanasogeza sahani na kuniuliza kama mafuta ya alizeti yamekwisha, na wala hayajaisha, dumu zima liko chini ya meza. Hapa kwetu alizeti inalimwa mpaka nyuma ya vyoo, kwa hiyo mtu wa Sumbawanga akinunua mawese anajitafutia maneno tu. Lakini mara moja moja, nikipita sokoni na kuwakuta wale wanaoyaleta kutoka upande wa ziwa wameyapanga kwenye chupa za maji, nanunua chupa moja. Narudi nayo nyumbani Malangali, namimina kidogo kwenye sufuria, nasubiri harufu ile ya kwanza. Na hapo jikoni, mtu mzima na miwani yangu, nakuwa tena na miaka sita, nusu ya kichwa imesukwa na nusu haijasukwa.

Wakati huo tulikaa mtaa wa Chanji, Baba na mimi, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo kwa watu wawili ilikuwa kubwa mno. Baba alikuwa katekista. Asubuhi alifundisha watoto wa komunyo ya kwanza, na mchana alifunga vitabu vyake nyuma ya baiskeli akaenda kwa wageni. Ndivyo ilivyoitwa kazi yake mpya: Paroko alikuwa amemkabidhi wageni. Mji ulikuwa umeanza kujaa watu ambao babu zao hawakuzikwa Ufipa. Walikuwapo Wakongo waliokimbia vita kwao, wakavuka ziwa, wakashukia Kirando na kupanda mpaka huku juu kwenye baridi. Walikuwapo Warundi wachache. Walikuwapo Wasukuma waliofika na ng'ombe wao na kukaa pembezoni mwa mji, ambao majirani zetu waliwasema siku nzima ng'ombe mmoja akionekana kwenye ulezi wa mtu.

Baba aliwaendea wote. Aliwasomea barua na kuwaandikia majibu, aliwafundisha sala waliotaka kufundishwa, na wasiotaka aliwasaidia kuezeka. Jumapili mchana walikuja kwetu kwa mafundisho, sebule ikajaa watu na fimbo za wachungaji zikaegeshwa mlangoni. Nilikaa nje nikizihesabu zile fimbo, nikizipanga kwa urefu, kisha nikizivuruga ili nipate kuzipanga tena. Watu walikuwa wengi nyumbani kwetu, lakini hakuna aliyekuja kwa ajili yangu. Nilimwonea wivu kila mtu aliyeshikwa mkono na Baba pale mlangoni, nasema kweli, niliwaonea wivu hata vilema.

Mama alikuwa amefariki kabla sijajua kufunga vifungo vyangu mwenyewe. Nilipouliza yuko wapi, watu wazima walinipa jibu moja, kama vile walikaa kikao wakakubaliana: Mama yako yuko kwa Bikira Maria. Walilisema haraka, wakanipapasa kichwa, wakaendelea na mambo yao. Mimi nililipokea lilivyo. Kama mtu yuko kwa fulani, unachotakiwa kujua ni huyo fulani anakaa wapi.

Na hilo nililijua. Bikira Maria hakai mahali pamoja, anahama. Kila mwezi wa Oktoba, mwezi wa rozari, jumuiya yetu ya kanisa ilitoa ile sanamu yake na kuizungusha nyumba kwa nyumba. Ilikuwa sanamu ya plasta, urefu wake kuanzia kiwiko cha Baba mpaka ncha za vidole vyake, joho la bluu, pua imemeguka kidogo. Kila nyumba ilipewa zamu yake. Watu walikusanyika hapo jioni kusali rozari, na Jumamosi walikuja kwa maandamano, mishumaa na nyimbo, wakaichukua na kuipeleka nyumba inayofuata. Mwenye nyumba mpya alisimama mlangoni na kitambaa cheupe mikononi kuipokea. Watu wa umri wangu waliokulia kwenye jumuiya wanaikumbuka harufu ya hiyo mishumaa na vumbi la Oktoba kabla mvua hazijaanza. Wao walikuwa wanaiona sanamu ikitembelea waumini. Mimi nilimwona mama mmoja mwenye mtoto mkononi, ambaye kila wiki wenyeji walimchoka wakamsukumia kwa jirani.

Zamu yetu ilipofika nilimchunguza vizuri. Baba alimweka juu ya meza ya kona, na alipotoka tu nilipanda kiti nikaangalia nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Hilo halikunikatisha tamaa sana. Nilidhani Mama anaona haya, au anasubiri watu wapungue. Kila asubuhi nilimwekea Bikira Maria kikombe cha uji, nikamnong'oneza amwambie Mama kwamba nimekua, kwamba kovu la goti limepona, kwamba Baba anaunguza ugali. Nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye nyumbani. Siwezi kueleza wiki ile ilikuwa tamu kiasi gani, na wenzangu waliokulia kwenye nyumba zenye kelele watanicheka.

Aliyenifumania nikinong'ona ni Mama Feza. Huyu alikuwa mmoja wa wageni wa Baba, Mkongo, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito, aliyepanga chumba kimoja nyumba tatu kutoka kwetu. Alianza kuja kwa mafundisho ya Jumapili, halafu akawa anabaki kuosha vikombe, halafu akawa anakuja tu. Alipika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese aliyokuwa nayo kwenye kidumu kidogo, na nyumba yetu iliyozoea harufu ya ugali ulioungua ikapata harufu ya mtu. Feza mwenyewe hatukumwona. Niliambiwa yuko ng'ambo. Nilimchukia huyo Feza kimyakimya. Nilimwazia kuwa msichana mkubwa mwenye viatu, anayeweza kuja siku yoyote na kudai mama yake.

"Unasema na nani, mutoto?" aliniuliza siku hiyo.

"Na Mama."

Aliitazama sanamu, akanitazama mimi na kikombe changu cha uji. Hakucheka. "Basi sema polepole," alisema. "Iko anachoka, anatembea mingi."

Mimi nami nilimfundisha vitu vyetu. Nilimfundisha salamu yetu ya Kifipa, namna ya kuchutama kidogo na kupiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa ili vitoe sauti ya ndani, siyo makofi ya mpira. Ya kwake yalikuwa yanalia vibaya. Nilimshika mikono nikamkunja vidole mpaka akapatia, akawa anasalimia kila mama aliyepita njiani, na wengine walijibu na wengine walijifanya hawakusikia.

Sasa, orodha ya zamu aliiandika Baba, na ilining'inia nyuma ya mlango wetu. Baada ya jina la Baba lilifuata jina la Mama Feza. Nilikuwa sijui kusoma, lakini Alhamisi ya wiki ile, rozari ilipokwisha, nilisikia mwenyewe. Akina mama walibaki, wakiongozwa na Mama Sabina, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mwema aliyekuwa na ulimi wa kuparua.

"Katekista, na hili umelifikiria?" alisema. "Mtu hana hata cheti cha ubatizo. Amepanga chumba. Leo yuko hapa, kesho hayupo."

"Cheti kimebaki kwenye nyumba iliyochomwa," Baba alisema. "Angekitoa wapi?"

"Ndivyo anavyosema yeye."

"Mama Sabina, huyu tunayemzungusha alikimbilia Misri na mtoto mchanga. Nani alimwuliza cheti?"

Wengine walicheka. Mama Sabina hakucheka. "Haya, wewe ndiye uliyesoma. Lakini mimi nakwambia, huyu mgeni wako siku akiamua kurudi kwao, atavuka ziwa na sanamu yetu. Halafu tusilaumiane."

Walipoondoka Baba alifungua daftari la jumuiya magotini. Alinieleza, au alikuwa anajieleza mwenyewe na mimi nilikuwa karibu tu, kwamba Mama Feza akishapokea sanamu, atakuwa amekuwa mtu wa jumuiya. Na mtu wa jumuiya ana watu. Ana wa kumsemea kwa mwenyekiti wa mtaa akiulizwa amefikaje, ana wa kumwuguza, ana wa kumchimbia kaburi. "Jumamosi tu ipite salama," alisema.

Mimi nilibakiwa na maneno mawili ya Mama Sabina: kuvuka ziwa. Ziwa nilikuwa sijaliona, lakini nilijua kwamba waliotoka huko walitoka wakikimbia, na kwamba Feza yuko huko na harudi. Bikira Maria akivushwa, na Mama naye atavushwa. Niliwaza jambo hilo siku mbili nzima, sikumwambia mtu. Nilimpenda Mama Feza, na hapo ndipo watu hunishangaa nikieleza: nilimpenda, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba ataondoka. Katika maisha yangu mafupi sikuwa nimeona mtu akifanya kitu kingine.

Jumamosi asubuhi Baba alitoka na baiskeli kuwaalika Wasukuma wake waje kwenye maandamano. Nilivuta kiti. Nilimfunga Bikira Maria kwenye khanga ya Mama, ile iliyokuwa imebaki, nikambeba kama mtoto mpaka nyuma ya jiko kwenye kihenge chetu cha ulezi. Ulezi wa mwaka ule ulikuwa bado mwingi. Nilipanda, nikainama mpaka kiunoni, nikachimba kwa mikono, nikamlaza humo na kumfunika. Ulezi ni laini, unatiririka wenyewe. Uliingia masikioni, puani, kwenye nywele. Nilimwambia avumilie, ni mpaka watu waondoke.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeketi mlangoni Mama Feza alipofika na kitana, uzi na kidumu chake. Alitaka nisukwe, niende kwenye maandamano ya kwake nikiwa nimependeza. Alivaa kitenge kilichopigwa pasi, na kitambaa cheupe cha kupokelea alikuwa amekishona mwenyewe, na pembeni alikuwa ametarizi maua mekundu. Alinionyesha. Nilikisifu, nikajisikia vibaya, nikakaa katikati ya magoti yake.

Alichovya vidole kwenye mawese akaanza kunipaka kichwani. Kwao, alisema, ndivyo wanavyofanya, nywele zinakuwa laini. Tangu Mama afariki hakuna aliyekuwa amenisuka. Baba alininyoa kwa mkasi zikizidi, na mwaka huo alikuwa amesahau. Nilifumba macho. Vidole vyake vilikwenda taratibu, halafu vikasimama.

"Huu ulezi umetoka wapi kwa kichwa?"

"Ni upepo," nilisema.

"Aa. Upepo ya kwenu iko mukali." Alicheka kidogo. Akaanza kuziokota zile punje, moja moja, akiziweka kwenye kiganja changu mwenyewe. "Shika. Usitupe chakula."

Alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa Baba aliporudi. Tulimsikia akiegesha baiskeli, akiingia, akitembea chumba hiki na kile. Kisha akatoka mlangoni na kuuliza, kwa upole wake, "Sanamu mmeisogeza wapi?"

Mambo yaliyofuata nayakumbuka kwa sauti zaidi kuliko kwa macho. Nyimbo zikija kutoka barabarani. Nyimbo zikikatika. Baba akieleza pale uani, na watu na mishumaa yao ambayo haijawashwa, na halafu Mama Sabina akiuliza swali ambalo kila mtu alikuwa analo mdomoni: tangu asubuhi nyumba hii ameingia nani?

"Mimi," alisema Mama Feza. Kitana kilikuwa bado mkononi.

Hakuna aliyemwita mwizi. Sisi Wafipa hatusemi hivyo, tuna adabu. Walisema tu kwamba ingekuwa vizuri kumaliza mashaka, na kwamba chumba chake hakiko mbali. Nilimtazama Baba. Nilisubiri aseme kitu, yeye aliyekuwa na maneno ya Misri na ya mtoto mchanga. Alikuwa amekunja kitabu cha nyimbo mikononi mpaka jalada likapinda. "Basi tazameni taratibu," alisema.

Mama Feza naye alinitazama mimi. Aliutazama uso wangu, halafu akakitazama kichwa changu, ule upande ambao hajausuka. Kiganja changu nilikuwa nimekikunja, zile punje za ulezi zilikuwa ndani zimelowa jasho. Nilijua kwamba anajua. Mtoto wa miaka sita anajua jambo hilo vizuri sana. Angesema neno moja na yangekwisha, na mimi nilisubiri aliseme, na kwa moyo mmoja nilitaka aliseme.

"Njooni," aliwaambia akina mama. "Chumba iko wazi."

Nilifuata nyuma yao. Kilikuwa chumba cha mkeka mmoja, ndoo moja na begi moja. Meza alikuwa ameazima, imetandikwa tayari, na mshumaa mpya juu yake unasubiri. Waliangalia nyuma ya mlango, waliangalia kwenye ndoo, wakafungua begi. Mama Sabina alitoa nguo moja moja akizikung'uta. Chini kabisa kulikuwa na gauni la mtoto, la manjano, jipya kama halijawahi kufuliwa. Alilinyanyua kwenye mwanga, na sote tuliliona ni dogo kiasi gani. Mwenye gauni lile hajaanza kutembea vizuri. Huyo ndiye Feza niliyekuwa nikimwogopa.

Mama Sabina alilikunja haraka akalirudisha. Mama Feza alilitoa tena, akalikunja upya kwa namna yake, mikono kwanza. Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka naacha ninachofanya. Alichutama mbele yao wale akina mama, akapiga makofi, taratibu, viganja vimekunjwa, kama nilivyomfundisha. Yalilia vizuri. Sijui alikuwa anawaaga au anawashukuru. Wao wakatoka mmoja mmoja.

Jumapili mafundisho hayakuwa na mtu. Wasukuma walisikia yaliyotokea na wakaelewa kilichokuwa cha kueleweka: kama amepekuliwa huyo anayekaa mjini na kujua kusali, wao na fimbo zao watafanywaje? Hakukuwa na fimbo za kuhesabu. Mama Feza alikuwa ameondoka na basi la asubuhi la Namanyere, njia ya ziwani, na mlangoni kwetu aliacha kidumu chake, mawese yakiwa nusu.

Jumatatu Baba alikwenda kuchota ulezi wa uji. Nilikuwa jikoni. Nilisikia mkono wake ukizama kwenye kihenge, nikausikia ukisimama. Aliporudi alikuwa na sanamu, na nilijua ile khanga ameitambua, kwa sababu aliifunua polepole na kuishika kwenye uso wake kabla ya kuitazama sanamu yenyewe. Nilijiandaa kuchapwa. Nilitaka kuchapwa. Alikaa karibu nami kwenye sakafu, begani kwake kumejaa ulezi, akaniuliza kwa nini.

"Mama atavuka ziwa," nilisema.

Hakuniuliza mama yupi. Alinishika kichwa, upande uliosukwa na upande usiosukwa, na aliponiachia mikono yake ilinuka mawese. Kesho yake alinipeleka kwa Mama Sabina nikae huko, akapanda basi. Alirudi siku ya tatu, peke yake, na alichosema ni kwamba nije ninyolewe. Alininyoa mwenyewe kwa mkasi, akazichoma nywele, na hatukuzungumza jambo hilo tena mpaka tulipomzika.

Sanamu ilitangazwa imepatikana, ikaenda kwa Mama Sabina, zamu zikaendelea. Nilisubiri mtu aniulize. Wiki baada ya wiki nilisubiri, na badala yake lilitokea jambo ambalo kwa miaka mingi nililiita bahati yangu. Nywele zilipoota, Mama Sabina aliniita kwake Jumamosi moja akanisuka. Jumamosi iliyofuata aliniita mama mwingine. Ikawa hivyo: kila Jumamosi nyumba nyingine ya jumuiya, magoti ya mama mwingine, na sahani ya chakula baada ya kusukwa. Nilidhani wamekumbuka kwamba mimi ni yatima. Nilikua kwenye mikono ile. Lakini kila nilipokaa katikati ya magoti ya mtu nilikuwa nabana shingo, nikiogopa ataona ulezi, na ulezi haukuwapo tena. Watu wengi walinishika kichwa utotoni mwangu na hakuna hata siku moja niliyojisikia sina siri. Huo ndio upweke ninaoujua mimi.

Baba alipofariki jumuiya ilimchimbia kaburi, kama anavyochimbiwa mtu wa watu. Siku ya arobaini, wageni walipotawanyika, Mama Sabina alibaki jikoni kwangu. Ni mzee sasa, ulimi umepoa, anatembelea mkongojo. Nilikuwa na daftari la jumuiya la Baba mezani, na nilimwambia yote, kihenge na khanga na upepo. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mingi kusema maneno yale. Alinisikiliza huku anakoroga chai.

"Tunajua, mwanangu," alisema.

"Mnajua nini?"

"Tunajua tangu wiki ileile. Baba yako alituita, akatuambia pale pale kwangu, wewe umelala chumba cha pili. Akasema msimguse mtoto, hana mama. Tukakubali."

"Na yeye je?"

Alielewa namsema nani. "Baba yako alimfuata. Namanyere hakumkuta, akashuka mpaka Kirando. Akaambiwa amepanda boti, amerudi kwao." Alikoroga tena chai ambayo sukari ilishayeyuka. "Na kwao kulikuwa bado kunawaka."

"Na ninyi?"

"Sisi tulifanya nini? Tulikusuka wewe. Baba yako ndiye aliyeandika orodha. Mimi mwenyewe nilimwomba aiandike, nilikuwa silali."

Kwa hiyo nilikuwa kwenye orodha. Nilizungushwa nyumba kwa nyumba, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa zamu. Watu aliokuwa awapate Mama Feza, wa kumsemea na wa kumwuguza, nilipewa mimi, wote, na kila mmoja wao aliponichana nywele alikuwa anamwona yeye. Tulikuwa tunajua sote, na kila mtu alijua akiwa peke yake. Nilimkasirikia Mama Sabina kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Halafu nikamsindikiza mpaka barabarani, maana mkongojo wake hauwezi ule mteremko.

Siku iliyofuata nilikwenda ofisi ya parokia kuandikisha nia ya misa. Karani ni kijana, wakati ule hakuwa amezaliwa. Alifungua kitabu chake akachukua kalamu.

"Tunamwombea nani, mama?"

"Mama Feza."

"Jina la ubatizo?"

Nilikuwa na daftari la Baba mkobani. Nililifungua kwenye ukurasa wa majina ya mwaka ule. Kila mtu ana jina la nyumbani na mbele yake jina la ubatizo, mwandiko wa Baba, umenyooka. Mbele ya Mama Feza Baba ameacha nafasi tupu. Alikuwa anasubiri Jumamosi ipite salama. Hakuna aliyekuwa amemwuliza, si Baba, si Mama Sabina, wala mimi niliyemkunja vidole. Tuligombana kwa ajili ya cheti chake na hatukumwuliza kingekuwa kimeandikwa jina gani.

"Silijui," nilisema.

"Haya. Ni marehemu, au ni mzima?"

"Hilo nalo silijui."

Aliweka kalamu chini, akanitazama kwa heshima kama wanavyotutazama sisi wenye umri. "Samahani, mama. Nikiacha wazi, Padri hatakuwa na la kusoma. Lazima niandike jina."

"Basi andika langu," nilimwambia, na nikamtajia.